Kitabu Kilichonyamaza Jikoni kwa Bibi

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyeniamsha leo nikiwa na akili zangu na macho yangu, hata kama macho hayo sasa yanataka miwani na dirisha lililo wazi. Amenifikisha umri ambao vijana wananipisha kanisani ili nikae, na bado ameniachia furaha ndogondogo: chai ya maziwa asubuhi, nyuzi za kufumia masweta ya wajukuu, na kitabu cha hadithi baada ya chakula cha mchana. Kwa aliyonipa, na kwa yale aliyoninyima kwa kuwa anajua sababu, jina lake litukuzwe.

Hicho kitabu cha hadithi ndicho kilichonifanya niandike. Juzi jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Baada ya sala, mama mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi na mtu wa utani, akakiona kitabu changu kwenye kiti, kimelala pamoja na rozari. Akakinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi.

"Mama, na uzee huu bado unasoma hadithi za kutunga? Mtu anayekaribia kuonana na Muumba wake anasoma habari za wachumba?"

"Humo hamna wachumba," nikamwambia. "Mna mjane na ng'ombe wake."

"Ng'ombe wa uongo!"

"Ndiyo maana hanimalizii majani kama wa kwako."

Tukacheka, tukanywa chai, wakaondoka. Lakini swali lake lilibaki limekaa pale kwenye kiti. Mtu aliyesali maisha yake yote anatafuta nini katika habari za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa?

Sina elimu kubwa ya vitabu. Nilifundishwa na masista, nami nikawafundisha watoto katekisimu mpaka sauti ikakauka. Vitabu vyangu navinunua sokoni Kiboriloni kwa kijana anayevitandaza kwenye turubai kando ya viatu vya mitumba, navyo navichagua kwa kuvifungua katikati na kusoma kidogo, kama unavyoonja parachichi. Napenda hadithi ambayo watu wake wanakula. Mwandishi akinitembeza kurasa nyingi bila mtu yeyote kubandika sufuria, namwona kama hajawahi kulea. Sipendi ile inayowaua waovu wote mwishoni, kana kwamba Mungu ana haraka. Wajukuu wamejaribu kunifundisha kusoma kwenye simu. Nimeshindwa. Ukurasa wa simu hauna harufu.

Na mimi ni mtu wa harufu. Hicho kitabu cha mjane nilipokifungua pale sokoni kilinuka moshi wa kuni, moshi uliolala ndani ya karatasi miaka mingi. Nikasimama katikati ya njia, watu wananipita na ndoo zao za nyanya, mimi nimesharudi kijijini kwetu Kilema, ni mtoto, nimekaa juu ya kigogo jikoni kwa Bibi.

Bibi huyo ni mama yake baba yangu. Kama ilivyo desturi yetu, Baba, kitindamimba, ndiye aliyebaki kwenye kihamba cha wazazi, shamba letu la migomba na kahawa, na kumtunza. Kaka yake, ambaye kwangu alikuwa Baba Mkubwa, alipewa kihamba kingine, juu kidogo ya chetu. Katikati ulipita mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji kutoka mtoni, na kando ya mfongo ulisimama mstari wa masale, mimea ile yenye majani marefu tunayoipanda mipakani tangu enzi za mababu.

Jiko la Bibi lilikuwa nyumba ndogo peke yake. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito ambako ndizi ziliivishwa kwa joto na moshi, na kila kilichopanda huko kilishuka na harufu ileile: ndizi, mahindi ya mbegu, hata blanketi. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba na haikuweza tena mteremko wala mlima, kwa hiyo ulimwengu wake uliishia uani. Mimi alikuwa ananiita mke mwenzake. "Mke mwenzangu, niletee maji. Mke mwenzangu, umekula au unanitazama tu?"

Siku moja Baba alishuka mjini, Majengo, kupeleka cherehani ya Mama kwa fundi. Akiwa anasubiri alinunua karanga, nazo zilifungwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kitabu. Baba alikuwa mtu asiyeweza kuona herufi akazipita. Akasoma ile karatasi huku anatafuna. Karanga zikaisha, na maneno nayo yakaishia njiani, pale mtu mmoja alipomuuliza kaka yake swali. Baba akarudi kwa muuzaji.

"Naomba hicho kitabu kilichobaki."

"Mzee, unataka karanga au unataka karatasi?"

"Nataka kujua kaka mtu alijibu nini."

Alituhadithia hivyo mwenyewe aliporudi, na Mama akamwambia kwamba mwanamume aliyetumwa cherehani na kurudi na karatasi za karanga amshukuru Mungu kwamba ameoa mwanamke mvumilivu. Kitabu hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, zote zilikuwa zimeshaondoka na karanga za watu. Jina lake hatukulijua, wala la aliyekiandika. Baba akakipandisha darini kwa Bibi, mahali pakavu kuliko pote, na tangu hapo kila Dominika baada ya misa na chakula tulikusanyika jikoni, naye akakishusha na kutusomea kwa sauti.

Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili, Hamadi na Salehe, walioachiwa na baba yao kinu cha kukamulia ufuta, kinu kinachozungushwa na ngamia. Ngamia huyo alimsumbua sana Bibi.

"Anakula nini?" akauliza.

"Hakijasema, Mama."

"Anazunguka kutwa nzima hajalishwa, halafu mnashangaa nyumba haina baraka."

Mama alichambua maharage akisikiliza, mimi nikageuza ndizi za kuchoma. Moshi ukimzidi Baba alitulia, akafuta macho, akaendelea. Nikiulizwa leo raha ni nini, nitasema ni hapo.

Sasa lazima nieleze nilichokuwa nimekielewa vibaya. Kabla ya kitabu hicho, nyumbani kwetu mlikuwa na Biblia, kitabu cha sala na katekisimu. Hivyo ndivyo vitabu nilivyovijua, na katika vyote hivyo hakuna kilichosema uongo. Kwa hiyo akilini mwangu kitabu kilikuwa kitu kinachosema kweli, ndiyo kazi yake, kama vile kazi ya shoka ni kukata. Sikujua kwamba mtu anaweza kuketi na kutunga. Hamadi na Salehe walikuwa watu wa kweli kwangu kama Esau na Yakobo. Na kadiri Baba alivyosoma, nilianza kuona kwamba niliwafahamu.

Kwa maana na kwetu kulikuwa na ndugu wawili. Baba na Baba Mkubwa walikuwa hawasemezani.

Mtoto haambiwi mambo hayo, lakini masikio hayafungwi mlango. Nilijua kwamba wakati wa kiangazi zamu yetu ya maji ilifika na maji hayakuja. Baba alipanda kuangalia, akakuta yote yanateremkia kwenye migomba ya kaka yake. Dominika iliyofuata, nje ya kanisa, mbele ya watu waliotoka misani, akasema kaka yake ni mwizi wa maji. Baadaye wazee wa mfongo walikagua wakakuta fuko ametoboa ukingo. Hakuna mtu aliyegeuza maji. Baba alijua hivyo, kila mtu alijua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Baba, aliyejua kusoma kila kilichoandikwa, hakujua pa kuanzia kulirudisha. Baba Mkubwa naye hakukanyaga tena kwetu. Maziwa ya Bibi aliyaleta Mama Mkubwa, mke wake, na Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, akauliza, "Mzima?" Akajibiwa, "Mzima." Basi. Mama mwenye wana wawili, mmoja anamuona kwa kibuyu cha maziwa tu.

Tukawa tumefika mahali kinu kimeharibika. Salehe, mdogo mtu, akadhani Hamadi ameuza mafuta kwa siri. Bibi akaanza kusogea kwenye kigoda chake.

"Si wakae chini waongee!"

"Wamekataa, Mama."

"Kwani huko kwao hawana masale?"

Baba akacheka. "Mama, hii ni hadithi tu."

"Hata kama. Hadithi haina majani?"

Hilo la masale nililijua. Nilikuwa nimeona jirani akija kwa Bibi baada ya mbuzi wake kumaliza maharage yetu. Hakusema neno. Alinyoosha jani la isale lililofungwa fundo, kwa mikono miwili, na Bibi, aliyekuwa amemlaani yule mbuzi mpaka kizazi cha tatu, akalipokea na kumkaribisha aketi. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mke mwenzangu, isale ni isale. Uwe na hasira ya chui, ukiletewa unapokea. Anayelikataa anajiombea mabaya yeye na watoto wake."

Baba akaendelea kusoma. Salehe akatoka, akaenda mahali watu wamekusanyika, akasimama mbele yao, akasema, "Kaka yangu ni mwizi."

Sauti ya Baba ikakatika.

Nilidhani ni moshi. Nikamsubiri afute macho. Hakufuta. Alitazama ukurasa ule kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa ukutani. Mama akaacha maharage. Bibi alitazama moto. Kisha Baba akakifunga kitabu, akasimama, akakirudisha darini.

"Kahawa zimeiva," akasema. "Hatuna nafasi ya hadithi."

Kweli kahawa zilikuwa zimeiva. Lakini Dominika hatuchumi kahawa.

Dominika iliyofuata hakusoma, na nyingine hakusoma. Alikaa nje akichonga mpini ambao haukuhitaji kuchongwa. Bibi hakumlaumu. Siku moja tu, nikiwa namkanda miguu kwa maji ya moto, alisema taratibu kama anayeongea na maji yenyewe, "Ningependa kusikia walivyomaliza. Sijui kama nitangoja."

"Kwa nini usingoje, Bibi?"

"Nitaitwa, mke mwenzangu. Kila mtu ana zamu yake."

Nilielewa, maana katekisimu ilitufundisha kuitwa ni nini. Na hapo hofu ikaniingia. Bibi angekufa hajui kama Hamadi na Salehe walipatana. Nikafikiri kwa bidii, kama mtoto anavyofikiri, kila kitu kikiungana na chenzake vizuri kabisa. Kitabu kinasema kweli. Kitabu kinawasema ndugu wawili, na mdogo amemwita mkubwa mwizi mbele ya watu. Hao ni Baba na Baba Mkubwa, wamebadilishwa majina tu, kama Simoni alivyoitwa Petro. Baba hawezi kusoma mbele kwa sababu mbele bado hakujatokea. Kurasa zipo, lakini zinawasubiri. Wakipatana, kitabu kitaendelea.

Na mimi nilijua wanavyopatana watu.

Ilikuwa alasiri, Mama yuko bondeni kukata majani. Nikaenda kwenye mfongo, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Likafunguka, nikalifunga tena. Nikavuka kwa lile gogo la kuvukia na kupanda kwa Baba Mkubwa.

Nilimkuta uani akizungusha mashine ya kumenya kahawa, mikono yote ina utelezi. Mama Mkubwa alikuwa anamimina maji. Baba Mkubwa alikuwa mtu mrefu, mwenye nyusi nzito, na sikuwa nimemkaribia tangu kiangazi.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba." Hakuacha kuzungusha. "Kuna nini? Mama hajambo?"

"Bibi hajambo."

Nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mashine ikasimama. Nakumbuka maganda mekundu ya kahawa yakidondoka moja moja. Alilitazama jani, akanitazama, akalitazama tena.

"Nani amekutuma?"

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, kwa maana uongo ni dhambi na ukweli sikuwa na maneno yake. Mama Mkubwa akanitangulia.

"Baba nanihii, tangu lini isale likahojiwa? Unataka kumtia mtoto mkosi? Nawa mikono."

"Nimeuliza tu."

"Usiulize. Nawa."

Akanawa. Alinawa polepole mpaka viwikoni, akajifuta, akalipokea lile jani. Na nilipoinua macho nikaona nyusi zile nzito zinatetemeka.

"Hakutuma mzee wa ukoo," akamwambia mkewe. "Umeona? Amemtuma mwanawe mwenyewe."

Kumbe kwa desturi jambo kama lile hutumiwa mtu mzima, mwenye maneno. Mtoto hatumwi na isale. Nilikuwa nimekosea, na yeye katika kosa langu akasoma kitu ambacho hakikuandikwa: kwamba mdogo wake ameshuka mpaka chini kabisa, akatoa kilicho karibu zaidi na moyo wake. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani juu ya suruali ya kazi. Mama Mkubwa akajitwika mkungu wa ndizi, kwa sababu huwezi kwenda kwa mkweo mikono mitupu. Baba Mkubwa akanishika mkono. Mkono wake bado ulinuka kahawa mbichi. Tukateremka.

Nilikuwa na furaha kubwa. Nilikuwa nawaza kitabu.

Baba alikuwa uani akikatakata mgomba wa kumpa ng'ombe. Alituona tunavuka mfongo, akasimama na panga mkononi, kisha akaliweka chini haraka kama mtu aliyekumbuka anavyoonekana. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwa jiko lake. Alipomuona mwanawe mkubwa, mkono mmoja ulipanda kifuani ukabaki hapo.

Baba Mkubwa akasimama mbele ya mdogo wake. Hawakuwa wamesimama karibu hivyo tangu siku ile ya nje ya kanisa.

"Nimepokea," akasema.

"Umepokea nini?"

Baba Mkubwa akafungua kiganja. Jani lilikuwa limeshaanza kunyauka kwa joto la mkono.

Hapo ndipo nilipoona uso wa Baba, na kwa mara ya kwanza nikajua kuna jambo ambalo sikulifikiria. Hakujua. Alilitazama jani ambalo hakulikata, fundo ambalo hakulifunga. Akanitazama mimi. Kama angesema, "Sikutuma kitu," ingekuwa kweli, na angekuwa na haki ya kuisema. Baba Mkubwa angerudi kwake na koti lake la kanisani, amedhalilika mara ya pili, na kati ya nyumba zile mbili pasingepita tena hata kibuyu cha maziwa. Nadhani wakubwa wote pale waliliona hilo kwa mara moja. Mama alikuwa ametoka bondeni, mzigo wa majani kichwani, akasimama hivyohivyo bila kuutua.

Nikaona lazima nimsaidie. "Baba, mimi ndiye..."

"Mke mwenzangu," Bibi akaita. "Njoo hapa."

"Bibi, nataka kusema..."

"Najua unataka kusema. Njoo ule ndizi."

Akanikalisha kati ya magoti yake, akanitia kinywani kipande cha ndizi ya kuchoma kikubwa kuliko mdomo wangu. Nikanyamaza kwa kukosa nafasi. Nyuma ya mgongo wangu nilihisi moyo wake unavyokwenda.

Ng'ombe akalia akidai mgomba wake. Kisha Baba akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kusomea:

"Nimechelewa, kaka."

Baba Mkubwa akangoja.

"Nimechelewa sana. Nilipaswa kuja siku ile ile lilipoonekana lile tundu la fuko. Nilikutukana mbele ya watu, na wewe hukuniibia hata tone. Nisamehe."

"Mbele ya watu," Baba Mkubwa akasema.

"Dominika nitasema mbele ya watu. Palepale."

"Si lazima."

"Ni lazima."

Baba Mkubwa akakohoa, akatazama pembeni, kwenye ule mgomba uliokatwa nusu. "Unamkatia ng'ombe vipande vikubwa hivyo? Unataka akabwe?" Akavua koti, akampa mkewe, akaokota panga, akaanza kukata. Baba akainama kando yake akikusanya vipande. Wala hawakukumbatiana. Ndipo Mama akatua mzigo wake, na Bibi nyuma yangu akapumua.

Dominika ile Baba alisema alichoahidi, nje ya kanisa, kwa maneno machache. Baada ya chakula Baba Mkubwa na mkewe walikuja jikoni kwa Bibi, na Baba, bila kuombwa na mtu, akakishusha kitabu kutoka darini. Mnaweza kufikiri furaha yangu. Nilikuwa nimekifungulia njia, na sasa nilikaa kusikiliza yale mazuri yatakayofuata, kwa kuwa niliyajua tayari: kaka atashuka, watakata mgomba pamoja.

Baba Mkubwa alielezwa kwa ufupi habari za kinu. Alikuwa msikilizaji mbaya, mwenye maneno mengi.

"Huyo mdogo mtu ana mdomo kama wako," akasema.

"Na huyo kaka mtu ana shingo ngumu kama yako," Baba akajibu bila kuinua macho.

"Msomeeni mama yenu, acheni kelele," Mama Mkubwa akasema.

Haikuwa kama nilivyotarajia. Hamadi alihama. Salehe alibaki na kinu na ngamia, akazeeka kabla ya wakati. Aliposikia kaka yake anaumwa aliianza safari, akaghairi njiani kwa aibu, akaianza tena. Alipofika alikuta watu wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Kitabu kiliishia hapo, si kwa sababu kurasa zilichanwa. Ndivyo alivyotaka aliyekiandika.

Nilimtazama Baba, nikamtazama Baba Mkubwa, mzima kabisa, ana ganda la ndizi mkononi. Basi hao hawakuwa wao. Walikuwa watu wengine. Hapo ndipo nilipoelewa, kama mtu anayehisi ngazi moja imekosekana gizani, kwamba kitabu kile hakikuwa kinatusema sisi hata kidogo.

Siku chache baadaye nikiwa na Baba kwenye kahawa, nilimuuliza lililokuwa linanikaa rohoni. "Baba, ulimdanganya Baba Mkubwa? Isale hukulituma wewe."

Aliendelea kuchuma, mbivu peke yake, akiacha mbichi kwenye tawi.

"Nilisema nililituma?"

Nikafikiri. "Hapana. Ulisema umechelewa."

"Basi. Nilikuwa nimechelewa." Kisha akaniwekea kiganja kichwani, kizito na chenye utomvu, akakiacha hapo kwa muda.

Lakini nirudi jikoni, Dominika ile hadithi ilipoisha, kwa kuwa hapo ndipo ninapompeleka yule rafiki yangu wa jumuiya na swali lake. Baba alikuwa amekifunga kitabu. Moto ulikuwa umeshuka. Bibi akajikusanya kwenye kigoda, akafanya ishara ya msalaba, akainamisha kichwa.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," akasema, "huyo Hamadi."

Baba akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, nilikiona kimeshafika kwenye midomo yake: Mama, ni hadithi tu. Akamtazama kaka yake aliyekaa mbele yake, ng'ambo ya moto. Hakukisema. Wakajibu wote wawili pamoja, kwa zile sauti zao zilizofanana kiasi kwamba ukiwa nje usingejua yupi ni yupi:

"Na mwanga wa milele umwangazie."

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na wa nyumba yako. Kama kuna mlango ambao hujaupita muda mrefu, akupe miguu ya kuufikia wenyewe wangali hai, na ukute humo moto, na chakula, na mtu wa kukusogezea kiti. Amina.